Picha ya Kupeleka Maskati

Hasira hunipanda kila nikimwona mtu anamfinya mtoto bega na kumwambia, "Simama vizuri, cheka!" Tangu lini mtoto akacheka kwa amri? Siku ya Idd hapa Mji Mkongwe watoto hupangwa ukutani na nguo mpya zinazowawasha na viatu vinavyowabana, na mama zao wanawafokea mpaka kazi iishe. Picha zikitoka, wote wamekodoa macho kama wanangojea kuchanjwa. Namjua vizuri mama wa aina hiyo. Ndiye mimi.

Mama yangu alikuwa akilima mwani Jambiani. Likizo moja nilikwenda kumtazama, mimi na binti yangu, wakati huo ana miaka minne. Mchana ule maji yalikuwa yamepwa, na mama alikuwa anarudi kutoka kwenye mwani wake, kanga zimemlowa mpaka kiunoni, gunia kichwani. Binti yangu akamkimbilia. Mama akatua gunia, akatoa konzi ya mwani, akamvika mtoto kichwani.

"Haya, biharusi huyo!"

Wakacheka wote wawili, mpaka mama akakaa mchangani. Alikuwa na pengo la meno ya mbele, na kwa kawaida akicheka huziba mdomo kwa kanga. Siku hiyo alisahau.

Simu nilikuwa nayo mkononi. Ilibaki kubonyeza tu.

"Mama, kaoge kwanza, uvae," nikamwambia. "Picha nnaipeleka Maskati."

Maskati wako kaka zangu, na kila picha inayofika kule hukaguliwa: nani kakonda, nani kavaa kanga kuukuu, nani katupwa na wanawe.

"Si upige hivihivi?" mama akasema. "Mtoto keshafurahi."

"Watasema nimekutupa. Tena unanuka mwani, mama. Hebu jitazame ulivyo!"

Picha hainuki. Mpaka leo nikikumbuka nataka kujizaba kibao.

Mama akajitwika gunia lake, tukarudi nyumbani. Akaingia ndani, akaoga, akavaa buibui jipya, akajipaka poda. Nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki, mtoto ubavuni, mikono magotini. Nikawapanga, nikawapangua, nikafuta picha kadhaa kwa sababu mtoto kapepesa macho. Mwisho ikatoka moja safi. Kaka zangu waliisifu sana.

Mama alifariki kabla ya masika. Sasa mtu akiniuliza namna ya kumpiga picha mtoto, namjibu kwa ukali: chuchumaa ufike kimo chake, usimwite, usimfute kamasi, piga! Atakayesema na aseme.

Lakini ya mama na mjukuu wake ninayo hiyo moja tu. Nimeitia fremu, nimeitundika ukumbini. Juzi nilimwambia binti yangu amtazame bibi yake, amwombee dua. Aliitazama kwa muda, kainamisha kichwa upande.

"Huyu siye bibi," akasema. "Bibi alikuwa anacheka. Huyu kakasirika."

Nilifungua kinywa nimkatalie, nikaisogelea ile picha. Kweli, mama kakaza midomo, na macho yake yamepita juu ya simu, yananitazama mimi niliyeishika.