Kaunta Isiyouliza Jina

Générose wa Kawajense ana ulimi mkali, na kwa watu anaofanya nao kazi, ni haki yake. Anatengeneza tovuti. Alipochoka na kaunta za wengine za kuhesabia wasomaji, zinazowachungulia, akatengeneza ya kwake: mistari michache tu ya programu, fundi yeyote anaibandika kwenye tovuti na kuendelea na shughuli zake. Inahesabu wasomaji wa kila ukurasa, basi. Haiulizi jina wala namba. Baba yake, Séverin, aliletwa kutoka Burundi akiwa mtoto, akazeeka akiulizwa kwenye kila kizuizi yeye ni nani na katoka wapi. Maswali hayo Générose aliyachoka tangu tumboni.

Kaunta hiyo aliiweka kwenye tovuti ya shirika dogo la Makanyagio, lenye ukurasa wa kuwaelekeza wanawake wanaopigwa nyumbani: pa kukimbilia, pa kulala, wa kumpigia simu. Wasomaji walikuwa wengi. Mwenyekiti Telesphor, mtu wa suti hata kwenye jua la saa saba, hakuridhika.

"Wengi, wengi, ndiyo akina nani?" akauliza. "Wafadhili wanataka watu."

"Mwenyekiti, anayepigwa hasomi ili umjue. Anasoma ili apone."

"Wewe fundi bwana! Kazi yako kubandika."

Akatafuta fundi mwingine, hodari wa kusema ndiyo. Kuanzia hapo ukurasa haukufunguka mpaka msomaji aandike namba yake ya simu. Telesphor naye, akishashiba, anaingiza namba moja moja kwenye simu yake kana kwamba anatuma pesa. Jina la mwenye namba likitokea, anaghairi. Umbea huo aliuita utafiti.

Jumamosi moja sokoni akamkuta Sikujua, mwimbaji mwenzake wa kwaya, mke wa Manyanda. Alikuwa akichagua dagaa na mama mkwe wake. Mwenye akili angesalimia akapita. Huyu akasimama, meno yote nje.

"Dada Sikujua! Hongera kwa kusoma ule ukurasa wetu wa wanawake wanaopigwa. Endelea hivyo hivyo!"

Mama mkwe akaacha dagaa, akamgeukia mkwewe. Telesphor akaenda zake akijiona mtu wa watu. Mjinga wa kutojua husamehewa. Huyu alijua, na bado akawa mjinga.

Habari ikazagaa, wasomaji wakakatika kabisa. Telesphor akampigia simu Générose: tovuti imeharibika, aje airekebishe.

"Haijaharibika," Générose akamjibu. "Wamekujua."

Hata hivyo alikwenda, maana ukurasa ule haukuwa wa Telesphor. Alikuwa ofisini kwa mwenyekiti akizifuta namba zote zilizokusanywa, Sikujua alipoingia, kanga ameivuta mpaka kwenye jicho lililovimba.

"Dada, eti unaweza kuifuta ile namba yangu?"

"Nimeshaifuta, mdogo wangu."

Telesphor akamsogezea mgeni kiti, akamkaribisha kwa heshima zote. Sikujua hakukaa.

"Na kwa mama mkwe," akamuuliza mwenyekiti, "utaenda kuifuta wewe?"