Daftari Lililogundishwa kwa Uji

Nilirudi wilayani Hanang, nilikoanzia udaktari, kuwafundisha wenzangu kuripoti madhara ya dawa. Nilikuja na projekta, na shati nililolipiga pasi mara mbili. Nyuma kabisa aliketi muuguzi wa zahanati, mama mtu mzima niliyemwamkia mlangoni asubuhi, na daftari lenye jalada la karatasi ya kalenda. Kila nilipotaja dalili, alilamba kidole na kufunua ukurasa. Humo alikuwa amegundisha kwa uji pakiti tupu za vidonge, zile ambazo wafugaji wa kijiji cha Getanuwas humrudishia zikiwa zimefungwa kwenye pindo la shuka. Chini ya kila pakiti aliandika yaliyompata mgonjwa. Nikauliza kwa madaha nani amewahi kuripoti.  Muuguzi yule akasimama, akarudi kwenye kurasa za mwanzo zilizofifia, akasoma kwa sauti ya kuita majina kliniki: “Mama mjamzito. Siku ya tatu ya vidonge, ngozi imebabuka. Nimempigia daktari simu, kasema ni joto tu, aendelee. Nimemwachisha dawa mwenyewe. Amepona, makovu yamebaki.”

“Daktari gani huyo?” nikafoka.

Akalifunga daftari. “Jina lipo, mwanangu. Ila asubuhi umeniamkia vizuri mno. Acha nisilisome.”