Jumuiya imekuja, mazimwi yangu hayajakauka

Nyie, leo nusura mazimwi yangu yawe kuni!

Wiki nzima nachora kwenye ubao mkubwa wa paini, sebuleni. Msukule, mnyonya damu, jini wa kike mwenye kwato, zimwi la macho kibao. Wote niwapendao, wamebanana hadi kwenye kona.

Jioni hii, akina mama mlangoni wanasalimu: "Kamwene!"

Jumuiya! Leo zamu ya kusali kwetu, na nimesahau kabisa. Rangi mbichi, siwezi hata kuugeuza ubao.

Mama akaninong'oneza: "Wakiondoka tu, nauchoma."

Sala nzima jini anawakodolea macho akina mama.

Ile "Amina" tu, mwenyekiti wao akavaa miwani, akausogelea ubao.

"We kijana."

Nikajua imeisha.

"Mbona yule wa ukungu hayupo? Asiye na uso. Bibi alitutishia naye tukienda msituni."

Mwingine akadakia: "Uso anao! Miguu ndo hana!"

Wakabishana mpaka chai ikapoa, aisee.

Wameondoka. Mama kasimama mbele ya ubao, kiberiti mkononi.

"Muweke wa ukungu," kasema. "Hana uso. Mi nilikuwa namwogopa sana."

Sasa ubao umejaa! Nimtoe nani? Semeni haraka, kiberiti bado anacho.