Marehemu Aliyepandisha Bei ya Hisa

Mimi niliishia darasa la tatu, na nyumba ya wageni ya kwanza yenye ghorofa upande ule wa barabara kuu, pale Mikumi, niliijenga mimi. Nasema mapema ili asije mtu akanifundisha. Nilianza kwa kuwauzia madereva wa malori mayai ya kuchemsha, enzi ambazo mfanyabiashara na mwizi walitazamwa kwa jicho moja. Ruksa ya kufanya biashara ilipokuja ilinikuta kazini.

Kisha serikali ikaanza kuuza viwanda vyake, vingine ikaviuza vipande vipande kwa wananchi, ndiyo hizo hisa. Mimi sikuzipenda. Kitu nikikinunua nataka nikishike. Lakini mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kijana wa kidato cha sita aliyekosa chuo, alizipenda kama wenzake wanavyopenda mpira. Niliponunua kompyuta ya pale mapokezi, ili wageni wa mbugani wasome barua zao kwa waya wa simu, nikamweka yeye. Mchana anahudumia wageni, jioni anampigia simu dalali wa Dar, anawanunulia hisa walimu, madereva na mama lishe. Halafu anakaa kwenye kompyuta na kuliandikia kundi zima la wenye hisa nchi nzima: nini kimepanda, nini kimeshuka, yeye anaonaje. Walimwamini. Mimi sikuwa na hisa hata moja, na hilo naomba likae sawa, maana baadaye niliulizwa sana.

Baba wa kijana ni Msukuma, wa wale waliotangulia kuja kwetu na ng'ombe. Sisi upande wa mama ni Wasagara. Wasukuma na sisi ni watani, kwa hiyo kijana huyu kwa damu ya baba yake ana ruhusa ya kuutania ukoo mzima wa mama yake, nasi hatuna ruhusa ya kukasirika.

Sasa akafa mzee mmoja wa ukoo wetu, kijijini Ulaya, Ulaya yetu hii ya Kilosa. Nilikuwa namwita baba mkubwa. Bahili wa kutajwa. Alikuwa na hisa za kampuni ya magunia, alizonunuliwa na mpwa wangu, na kila siku ya gulio aliuliza kama zimepanda. Hazikupanda mpaka akafa.

Siku ya maziko, kaburi likiwa wazi, mpwa wangu akavaa kofia na koti la marehemu, akashika bakora yake, akaingia kaburini akalala. Asiyejua mila angekimbia. Sisi tulitulia. Mtani akivaa nguo za marehemu, yeye ndiye marehemu. Atakachosema kimesemwa na marehemu, na hatoki mpaka apewe chochote. Shehe wetu anajua, akakaa pembeni kwenye kivuli cha watu akisubiri.

Basi marehemu akaongea. Akasema tusimlilie, huko alikokwenda kuna vitunguu kushinda hata Lumuma wanakovilima, vinaozea mashambani kwa kukosa magunia, na yeye ameshaiombea zabuni kampuni yake. Imekubaliwa, malori yanapakia. Atakayeuza hisa zake sasa ni mjinga wa mwisho. Watu walicheka mpaka waliobeba jeneza wakaliweka chini. Akapewa jogoo, akatoka, tukazika.

Yangeishia pale. Lakini kijana akarudi Mikumi, akakaa mbele ya kompyuta, akawaandikia watu wake. Aliandika kwamba leo tumemzika mzee wa Ulaya, mwenye hisa wa siku nyingi, naye amesema kampuni ya magunia imepata zabuni kubwa ya vitunguu. Hakueleza kwamba mzee alisema baada ya kufa. Kwetu hilo halielezwi, ukishataja maziko na mtu anaongea, kila mtu anajua ni mtani. Watu wa Dar wakaelewa kwamba mzee alifichua siri kitandani, roho ikimtoka.

Wakanunua. Wakatumiana ile barua, wakanunua tena. Hisa zilizolala tangu zianze kuuzwa zikaamka. Kisha kampuni ikatangaza kwamba haina zabuni yoyote, bei ikaporomoka, na waliochelewa kuuza wakatafuta wa kumshika.

Akaja ofisa kutoka Dar, mwanamke, wa idara inayosimamia mambo ya hisa, pamoja na askari mmoja. Dada makini, anaongea polepole kama anayehesabu maneno. Alisema kijana anatuhumiwa kutia uongo kwenye mtandao ili kupandisha bei, na ikithibitika ni jela. Kijana aliachwa kwanza, lakini kompyuta ikaviringishwa kwenye blanketi langu, ikapakiwa garini kama mgonjwa. Dada yangu akaja akakaa kwenye ngazi za nyumba yangu. Ananitazama tu. Mtoto wake wa kiume ni huyo mmoja.

Mimi ni mtu wa kunyoosha. Nikamwambia ofisa ulikuwa utani, kijana alikuwa anachekesha watu.

"Kwa hiyo unakubali kwamba ni yeye aliyesema?"

Nikamwambia awaulize waliozika.

Tukaenda Ulaya kutafuta mashahidi. Kila aliyeulizwa ni nani alisema habari za zabuni alijibu: marehemu. Hakuna aliyewapanga. Mtani hatajwi kwa jina kwa aliyoyasema akiwa marehemu, anayemtaja anatozwa mbuzi na aibu juu. Ofisa akauliza mzee aliyasema lini. Siku ya maziko. Kabla hajakata roho? Hapana, baadaye, alipokwisha kulala kaburini. Askari akaacha kuandika. Ofisa akaingia peke yake kwa mjane, aliyekuwa amekaa eda, akatoka moja kwa moja hadi garini. Nilikuja kuambiwa kwamba mjane alithibitisha ni mumewe aliyesema, na akaongeza kuwa alikuwa mwongo hivyo hivyo tangu amuoe.

Garini ofisa akanigeukia. "Mzee, mimi si mtoto. Kijiji kizima umekifundisha la kusema. Kompyuta yako, pesa zako, mpwa wako."

Nikamwambia kama ningeweza kuwafundisha watu wa Ulaya neno moja wakalisema sawasawa, ningekuwa mbunge. Hakucheka. Nikamwambia arobaini inakaribia, na siku hiyo mtani huvaa tena, na marehemu kama ana neno la kufuta hulifuta mwenyewe. Aje aone. Akasema atakuja, na akiona ni maigizo tumemtengenezea yeye, anaondoka na kijana siku hiyo hiyo.

Alikuja, na askari wake. Mpwa wangu alikuwa kwenye kiti cha kamba cha marehemu, kofia ile, koti lile, jasho linamchuruzika. Akakohoa kama yule mzee, akasema yale ya zabuni alidanganya. Amefika huko, amezunguka, hakuna vitunguu, hakuna magunia, hisa zake wauze wasiuze shauri yao.

Mjane akasema kutoka dirishani, "Leo umesema kweli, mume wangu. Ungeanza zamani."

Watu wakaangua kicheko. Ofisa aliandika, akafunga kalamu, akanigeukia mimi.

"Yule ni nani?"

"Marehemu."

"Marehemu alikuwa mkubwa kwako?"

"Sana."

"Wazee wenzako wote wamefika wakamwamkia. Wewe nimekuona unampita, kama mtu anayejua ni maigizo."

Kweli, nilimpita kama napita nguzo. Mtoto niliyemfuta kamasi, ninayemlipa mshahara, nimwinamie mbele ya Ulaya nzima? Mikumi watu walioniona nikiuza mayai wananiamkia mimi. Kati ya wanawake dada yangu alisimama. Askari naye alisimama, ufunguo wa gari mkononi.

Nikaenda. Nilipokifikia kiti, kijana akaniangalia kwa macho ya hofu, ya kitoto kabisa, nikaona anataka kuinuka. Nikamkazia jicho akae. Nikainama mpaka goti likalia.

"Shikamoo, baba mkubwa."

Akajirudisha kitini. Halafu akakohoa kile kikohozi, akaniwekea mkono kichwani, mkono wa koti ukanifunika sikio.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Mbona umezeeka hivi?"

Hata shehe alicheka. Sikuinua kichwa upesi, kwa hiyo sikuuona uso wa ofisa. Nilisikia tu akimwambia askari akawashe gari, na nilipogeuka niliona wanaondoka wawili, kama walivyokuja.