Kifua cha Muzee na Sufuria ya Maharagi

Vita ilipokaribia, kila nyumba ya avenyu yetu ilifanya vile vile: wanawake na watoto wakimbie, mutu mumoja abaki kulinda. Kwetu hapakuwa na mjadala. Mke wangu alinitazama akasema, «Wewe ata kukiwa na amani hautoki. Baki.» Akapanda boti ya Bukavu na watoto, nikabaki na mbabula yangu ya kupikia, nusu gunia la makala ya kuwasha moto na kiti. Nina diploma ya sekondari, na safari yangu ndefu maishani ni kwenda Kituku, soko la kando ya ziwa, kununua samaki.

Upande wa pili wa ukuta wa mawe ya volkeno alibaki muzee, jirani yangu. Yeye alikuwa amezunguka nchi. Maisha yake yote alinunua maharagi Butembo na kuyateremsha hapa Goma kwa lori. Sasa mke wake alikuwa ameshafariki, binti yake ameolewa huko Butembo, na barabara imefungwa. Kila asubuhi aligonga ukuta kwa fimbo.

«Uko?»

«Niko, muzee.»

«Ningeshangaa! Ungekuwa wapi?»

Asubuhi moja hakucheka. Alisema, «Mimi bomu siogopi. Ninaogopa kuanguka humu ndani peke yangu, watu waje wanijue kwa harufu.» Nilimwambia aache maneno mabaya. Lakini tangu hapo, akichelewa kugonga, mimi ndiye niliyegonga.

Wakimbizi wa kambi ya Kanyaruchinya walipojaa katika shule ya karibu, mama muganga wa kituo cha afya alituita kwenye ukumbi wa parokia, atufundishe kumusaidia mutu aliyeanguka na moyo umesimama. Muzee alinivuta mkono: «Twende, ukaone jua liko namna gani.» Kulikuwa na pupe, mfano wa mutu wa mpira, kubwa, bila mikono wala miguu. Muganga alituonyesha: katikati ya kifua, mikono miwili, mikono imenyooka, ubonyeze kwa nguvu na haraka, na uache kifua kiinuke tena kabla ya kubonyeza. Usisimame simame. Na mutu akifungua kinywa mara moja moja kama samaki wa Kituku juu ya ubao, ile si pumzi, usidanganyike.

Zamu yangu ilipofika, muzee aliwaambia wote, «Huyu asiniguse mimi! Mbavu zangu ni za wakati wa Zaïre, spea hakuna tena.»

Ukumbi ulicheka. Muganga pia alicheka, kisha akasema, «Ubavu ukivunjika unapona, papa. Moyo ukisimama hauamki wenyewe.»

Mchana mumoja nilikuwa nimeketi karibu na ukuta, sufuria ikiwa motoni nyuma yangu. Muzee alikuwa amesimama upande wake, viwiko juu ya mawe, ananisimulia lori lililolala siku nyingi kwenye matope. Akakatiza, akanusa.

«We, maharagi yako inaungua! Mutu hatoki nyumbani, na kupika bado hajui!»

Niligeuka kuangalia sufuria. Nikasikia fimbo yake inaanguka. Nilipogeuka tena, kichwa chake hakikuwa juu ya ukuta.

Niliruka ule ukuta. Mke wangu mpaka leo haamini. Nilimuita muzee, nikamutikisa mabega, hakujibu, na kifua hakikuinuka. Muganga alikuwa amesema kwanza uite watu, basi nikapiga kelele, mimi ninayesalimia watu kwa kichwa tu. Avenyu yote ilikuwa milango imefungwa. Kelele yangu ilikwenda ikarudi. Nikapiga magoti, nikaanza kubonyeza.

Akaingia mama mumoja mkimbizi wa pale shuleni, aliyekuwa anamuchotea muzee maji, na nyuma yake mwanaume na chukudu yake, ile ya mbao ya magurudumu mawili ya kusukumia mizigo. Wakati huo huo muzee alifungua kinywa, akavuta hewa kwa kukoroma.

«Anapumua!» mama alisema. «Muketishe, mumupe maji!»

«Ile si pumzi, mama.»

«Basi umupeleke kitandani! Unamulaza muzee juu ya mawe kama mbuzi?»

«Kitandani kitabonyea kitanda, si kifua.»

Mwanaume alikuwa ameshageuza chukudu. «Tumupakie, tukimbie hospitali!»

«Ukimupakia, nani atamubonyeza njiani? Kimbia wewe, umulete muganga!»

Alikimbia. Nilishangaa kuliko yeye: nyumbani kwangu hata kuku hawanitii.

Ubavu ulilia chini ya kiganja changu. Nilisema, «Pole, muzee,» nikaendelea. Mikono ilianza kuisha, na mutu aliyechoka anajidanganya kwamba bado anabonyeza. Nilimwambia mama hivyo. Alipiga magoti upande wa pili, akafuata mwendo wangu kwanza, halafu mikono yake ikaingia yangu ilipotoka, kama wanawake wawili wanaotwanga majani ya sombe katika kinu kimoja. Tulipokezana hivyo. Harufu ya maharagi ilivuka ukuta, tukaendelea kubonyeza.

Muganga alifika anahema. Aligusa shingo ya muzee, akabonyeza pamoja nasi muda mrefu, akagusa tena. Kisha akaushika mkono wangu.

«Inatosha, papa.»

Nilimuuliza kama chukudu ingekuwa afadhali. Alitikisa kichwa. «Juu ya haya mawe? Hapana. Kilichokosekana ni mashine ya kushtua moyo, na kituoni kwangu haiko. Wanaorudi kwa mikono tu ni wachache. Lakini asipobonyezwa, hata ile nafasi ndogo haipati.»

Rezo ya simu iliporudi, niliongea na binti yake wa Butembo. Hakuuliza habari za mashine. Aliuliza, «Papa alikuwa peke yake?»

«Hapana. Tulikuwa naye, mikono haikumutoka.»

Akauliza tena, «Alisema neno la mwisho?»

Nilitamani nimpatie kitu cha kanisani. Nikasema ukweli: «Alisema maharagi yangu inaungua.»

Alicheka na kulia pamoja. «Ni yeye huyo! Na ilikuwa inaungua?»

«Iliungua kabisa.»

Simu ilipokatika nilichukua sufuria, niikwangue. Mikono ilikuwa bado inauma, kijiko kikanianguka. Niliijaza maji, nikaiacha karibu na ukuta, nikaketi. Upande wa pili hapakuwa na mutu wa kunicheka.