Ushuru wa Mashini Isiyo na Moteri

Mpaka leo nikiona karatasi yenye mihuri mitatu, nagombana na aliyeileta. Watu wa Baraka wanaonijua husema nina hasira za bure. Si za bure hata kidogo. Nilizipata kwa kazi, nikipanda na kushuka kati ya mji wetu wa Baraka, kando ya ziwa, na ofisi za serikali kule Fizi, mlimani, misimu miwili ya mpunga, nikidai turudishiwe ushuru wa mashini moja ambayo ingetoshea kwenye jiko la mama yangu.

Ilikuwa miaka michache kabla ya uhuru. Wafanyabiashara sita wa Baraka walichanga fedha wakaunda kampuni. Watano walikuwa Waislamu wa familia za kando ya ziwa, na wa sita alikuwa Mkatoliki mwenye mashamba njia ya Kilembwe. Mimi nilikuwa karani wao, kwa sababu nilisoma kwa mapadri na Kifaransa changu hakikuchekesha watu sana. Mkuu wao tulimwita Prezida. Alikuwa mzee mpole, hodari wa biashara, asiyemwogopa mtu yeyote. Kitu alichokiogopa ni karatasi ya serikali. Ukimpa barua yenye muhuri, aliishika kwa ncha za vidole kana kwamba imetoka motoni sasa hivi.

Kampuni ilinunua mpunga kwa wakulima, ikawapa wanawake wautwange kwa malipo, halafu mchele ukauzwa kwenye makambi ya wafanyakazi. Mke wangu alikuwa miongoni mwa watwangaji hao, na kwa kweli ndiye aliyekuwa akiwashinda wote. Lakini bega lake la kuume lilikuwa limeanza kuharibika. Kila alipoinua mtwangio nilimsikia akivuta pumzi kwa meno. Masista wa dispensari walimwambia wazi kwamba asipoacha, mkono utakufa. Alipoleta habari hiyo nyumbani nilikuwa nakula, na nilimjibu bila hata kuweka tonge chini. Nilimwambia avumilie kidogo tu, mashini ya kukoboa imeshaagizwa, ikifika hatashika tena mtwangio. Mshahara wangu peke yake haukututosha, na sikutaka kulisema hilo. Akaniamini.

Mashini ikaja kwa meli. Ilikuwa ya chuma, nyekundu, na watoto wa mtaa mzima waliifuata kutoka ufukweni. Lakini moteri yake ilibaki ng'ambo ya ziwa, kwenye ghala la muuzaji, kwa sababu fedha iliyotengwa kuinunua ilimezwa na ushuru wa duane, yaani forodha. Hakuna aliyekuwa ameuhesabu ushuru. Wanakampuni waliketi barazani kwa Prezida wakiangalia miguu yao. Ndipo mimi, mjuaji wao, nikafungua kitabu cha ushuru nilichokuwa nimeazima misheni, nikawasomea kifungu: kampuni ikileta mashini kwa kazi yake yenyewe, si kwa kuiuza, inaweza kuomba irudishiwe ushuru iliolipa. Walichinja mbuzi. Nilipewa paja zima. Nikalipeleka nyumbani, nikamwambia mke wangu mwezi mmoja tu, miwili ikizidi.

Safari ya kwanza kwenda Fizi nilipanda na lori la pamba. Ofisini nilimkuta karani mwenzangu, kijana wa tai na viatu vinavyong'aa, ambaye aliisoma barua yangu polepole mno, halafu akanirudishia. Ilitakiwa nakala nne, nami nilileta tatu. Nikarudi Baraka. Safari ya pili nilikuwa na nakala nne, lakini Prezida alikuwa ametia sahihi kwenye tatu, ya nne aliisahau kwa haraka ya kuzisukuma mbali naye. Nikarudi tena. Safari ya tatu lori halikuwepo. Nilisukuma baiskeli mlima mzima, jua likinipiga kisogoni, na nilipofika jasho lilikuwa limelainisha bahasha. Yule kijana aliitazama bahasha, akanitazama mimi, na bila shaka alijiona mtu mwenye huruma kwa kuipokea.

Halafu akaniuliza swali lililovunja kila kitu.

"Ndugu, kitabu inasema mashini yenye iko inatumika," alisema. "Ile yenu iko inatumika?"

Nilimweleza kwamba haina moteri. Tunaomba ushuru urudi ili tununue moteri, moteri ikija mashini itatumika. Alinisikiliza vizuri, nadhani hata alinielewa. Akasema basi nirudi ikishatumika. Nikamweleza tena, kwa sauti ya juu kidogo. Akachukua kalamu akaanza kuandika kitu kingine kisichonihusu. Niliteremka kutoka Fizi nikiongea peke yangu, na nilimtukana mbuzi mmoja aliyesimama njiani.

Nyumbani mke wangu aliniona nikiingia, akaendelea na kazi. Alikuwa uani na wenzake, akitwanga kwa mkono wa kushoto na kuusaidia kidogo tu kwa wa kulia. Nilikasirika na Fizi, nikakasirika na duane, na zaidi nilikasirika kwa kuwa yeye hakukasirika.

Wazo la kamba lilikuwa langu. Nalisema hapa ili asilaumiwe mtu mwingine. Siku moja nilikuwa Swima, kijiji cha wavuvi, kudai deni la magunia, nikawaona wavuvi wakivuta wavu. Wanasimama mstari mmoja kwenye kamba, wanarudi nyuma wakivuta. Wa mwisho akifika juu anaiachia, anakimbia majini kushika mbele, na kamba haisimami hata mara moja. Nikasimama pale nikitazama mpaka mwenye deni akajificha. Nilirudi Baraka nikamwambia Prezida tuzungushe kamba kwenye gurudumu la mashini, upande wa pili tuipitishe kwenye gogo lililopakwa mawese, tufunge ncha zake pamoja, kisha watu wa Swima waivute kama wavu. Gurudumu litazunguka. Mashini itatumika. Afisa wa ushuru wa Fizi ataona kwa macho yake.

Prezida alifurahi sana. Wavuvi wale walimheshimu, kwa kuwa aliwahi kuwapa chumvi ya samaki wakati wa shida, wakakubali kuja kwa siku moja. Nikaandika Fizi kwamba mashini inatumika. Haukuwa uongo, au ndivyo nilivyojiambia.

Afisa alikuja asubuhi na gari lake, mzungu mwembamba mwenye mafua, pamoja na yule kijana wa tai. Tulikuwa tumefagia kiwanja na kutandika mkeka. Wavuvi ishirini walivua mashati, wakashika kamba. Walipoanza kukimbia na kupokezana, mashini ikanguruma kweli, mpunga ukaingia juu, na chini ukatoka mchele. Nusu ulikuwa umekobolewa, nusu bado una maganda, lakini ulikuwa mchele. Wanawake walipiga vigelegele. Nilimtafuta mke wangu kwa macho nikamwona amejishika bega, anatabasamu. Nilijisikia mtu mkubwa siku ile. Afisa alipenga kamasi, akaandika, akakubali chai, akaondoka.

Jibu lilichukua muda hata mvua zikaanza. Nilipanda Fizi kulichukua mwenyewe, nikalisoma nimesimama nje ya ofisi, chini ya paa linalovuja. Afisa wa ushuru alieleza kwa Kifaransa kizuri kwamba mashini yetu imekaguliwa na imeonekana kufanya kazi bila moteri, kwa nguvu za mikono ya watu. Kwa hiyo si mashini ya kiwanda, ni chombo cha mkono. Kifungu tulichokitaja kinahusu mashini za kiwanda peke yake. Ombi limekataliwa.

Nililisoma mara tatu, kisha nikalikunja, nikalikunjua, nikalisoma tena. Sijui kama mtu anaweza kuelewa hasira ile. Wangetuita waongo ningekubali. Wangesema kamba si moteri ningekubali pia. Lakini sisi ndio tuliohangaika kuwaonyesha mashini ikizunguka, nao wakaikataa kwa sababu waliiona ikizunguka.

Jioni ile nilimsomea mke wangu barua, nikiitafsiri neno kwa neno huku napiga meza. Alikuwa anajikanda bega kwa majani ya moto. Nilipomaliza aliyarudisha majani kwenye sufuria.

"Basi baandikie kama mi pia niko mashini ya mukono," alisema. "Bakwambie ushuru yangu iko ngapi."

Sikucheka. Nilitaka kumjibu kwa ukali, lakini maneno yake yalinibakia kichwani. Chombo cha mkono. Jembe nalo ni chombo cha mkono, na sikuwahi kusikia mtu akilipia jembe ushuru. Nikachukua kile kitabu cha misheni, ambacho kwa aibu yangu nilikuwa sijakirudisha, nikapekua mpaka nikakiona: vyombo vya mkono vya kilimo na vya kutayarishia mavuno huingia bila ushuru wowote.

Niliandika barua ile kwa furaha mbaya. Niliwashukuru kwa kutuelimisha. Nilisema kwa kuwa wao wenyewe wamethibitisha kwamba mashini yetu ni chombo cha mkono, ni wazi kwamba tulitozwa ushuru kwa makosa, na tunaomba urudi wote. Nakala nne. Nilimshika Prezida mkono wakati wa kutia sahihi. Yule kijana wa Fizi alipoisoma, kwa mara ya kwanza niliona mdomo wake ukicheza, akaigonga muhuri.

Na fedha ilirudi. Naapa ilirudi, yote, na barua yake. Prezida aliita wanakampuni, wakaniombea dua, wakaanza kusema tumtume mtu ng'ambo kesho yake kuchukua moteri. Mimi nilikuwa bado nasoma chini ya barua. Mistari miwili ya mwisho ilisema ushuru unarudishwa kwa sharti kwamba chombo hicho kitabaki chombo cha mkono. Siku kitakapofungwa moteri, ushuru utadaiwa tena wote, papo hapo.

Nilisoma kwa sauti. Wanakampuni wakarudi kuangalia miguu yao. Kama tungenunua moteri kwa fedha ile, tungedaiwa fedha ile ile, nayo tayari tungekuwa tumeinunulia moteri. Wale wengine watano walisema tuifunge tu, nani atatoka Fizi kuja kuchungulia? Nami nilikuwa upande wao. Nilisema nimechoka na sheria, nilisema hata mambo mengine ambayo mlezi wangu padri angenichapa kwa ajili yake. Prezida alitusikia wote.

"Bana yangu, franga ya serikali mi siwezi kuikula," alisema. "Tutaiweka."

Akaifunga sandukuni. Tuliwaomba wavuvi wa Swima waje walau siku za soko, wakasema kwa adabu kwamba walikuja kumheshimu mzee, hawakuja kugeuka punda. Mashini ikakaa imefunikwa turubai katikati ya kiwanja, na wanawake wakaketi kando yake wakitwanga, wengine wakianika nguo juu yake. Wanakampuni wakaanza kuchanga upya, mfuko baada ya mfuko, mavuno yale na mavuno yaliyofuata. Kila nilipomwambia mke wangu apumzike alinijibu kwamba amengoja mwezi, miwili ikizidi, na kwamba mpunga wa watu haungoji.

Moteri ilifika mwisho wa msimu wa pili. Siku ile ile nilipanda Fizi na fedha iliyokuwa sandukuni nikailipa duane, noti zile zile walizoturudishia, na kijana wa tai akanipa risiti yenye mihuri mitatu. Hata yeye aliona aibu, maana alinisindikiza mpaka barabarani.

Nilipofika Baraka walikuwa wananingoja ili waiwashe. Mashini ilikoboa gunia zima kabla ya mtu kumaliza sigara. Lakini kabla ya hapo Prezida alimwita mke wangu amwage mpunga wa kwanza, kwa heshima, maana alikuwa mkubwa wa watwangaji. Alikuja na beseni, akajaribu kuliinua mpaka juu ya mashini kwa mkono wa kushoto, akashindwa. Nikadhani atatumia na wa kulia. Alinitazama tu, nikaelewa, nikaenda kushika upande wa pili.

Hajatwanga tena tangu siku hiyo, kama nilivyomwahidi. Mkono wa kuume haupandi kupita kifua. Sahani anashika, mtoto anambeba kwa mkono wa kushoto, lakini kitambaa cha kichwa hawezi kujifunga. Namfunga mimi kila asubuhi, kabla hatujatoka, na kila asubuhi ananiambia nimekifunga vibaya.