Domo Aliponyamaza

Fundi cherehani mmoja alikuwa mzimamoto wa kujitolea, na kikosini walimwita Mama Mkasi. Kazi yake ilikuwa kumkatia majeruhi nguo zinapozuia huduma ya kwanza. Kazi hiyo aliipenda. Filamu ndiyo iliyomtia kinyaa.

Mpiga video za harusi alijitolea kuwatengenezea filamu ya kufundisha watu huduma ya kwanza, na tangu siku hiyo akataka aitwe Mwongozaji. Sosi ya nyanya ikawa damu. Wanaume wa kikosi ambao mazoezini huwaoni wakaja wamenyoa ndevu, wakapigana vikumbo mbele ya kamera. Aliyeigiza majeruhi alikuwa shemeji wa Mama Mkasi, mdogo wa mumewe, aliyeitwa Domo kwa sababu hata akitafuna alikuwa anaongea. Wakamvika koti zito la zimamoto, wakamlaza uani juu ya saruji, jua la utosi, wakawa wanarudia tukio lile lile.

"Hakuna kumgusa mpaka niseme," Mwongozaji akaamuru.

Domo akalalamikia joto, akatania, akaimba. Kisha akanyamaza.

"Safi! Sasa ndiyo anaigiza!"

Mama Mkasi akashtuka. "Jamani, Domo hanyamazi huyu!" Akamgusa shavu, linawaka moto. Akamwita, haitiki. Wenzake walisimama mikono kiunoni, macho kwenye kamera.

"Mama, unatuharibia picha! Kata! Kata!" Mwongozaji akapiga kelele, akitaka kamera izimwe.

Zipu ilikuwa imekwama, kama siku zote. Basi Mama Mkasi akakata. Alilipasua koti toka shingoni mpaka chini.

"Koti la kikosi hilo!" mmoja akafoka, na huyo hakuleta hata kikombe cha maji. Mama Mkasi akamburuta shemeji yake kivulini peke yake, akammwagia ndoo nzima, akampepea kwa mfuniko wa sufuria mpaka akasikia tusi kutoka kwa Domo. Hajawahi kufurahia tusi kiasi kile.

Siku ya maonyesho, kelele za kugombea koti hazikuwemo kwenye filamu. Muziki ulipigwa, mkasi ukapita, kisha sura za wale wanaume, moja baada ya nyingine, na maandishi makubwa: MASHUJAA WETU. Ukumbi ukashangilia. Mama Mkasi alitamani kutema mate.

Domo, kando yake, alipiga makofi kuliko wote. "Shemeji, umeona nilivyonyamaza? Nimeigiza, eh?"

Hata yeye! Mama Mkasi akamshika mkono, akaubana.

"Ongea," akamwambia. "Wewe ongea tu."